Harufu kali bandani licha ya kufagia kila siku

Swali: Ndugu wafugaji, banda langu la kuku hufagiliwa kila asubuhi, lakini harufu inayochoma macho haiishi. Tatizo ni nini?

Jibu: Harufu hiyo ni amonia, ambayo bakteria huizalisha wanapovunjavunja asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi, hasa matandiko yanapolowa, kwa hiyo chunguza kwanza kama chombo cha maji kinavuja, kisha utandaze maranda makavu yenye kina cha sentimita 10 hivi.

Jibu: Naafiki, ila amonia ni nyepesi kuliko hewa, hivyo matundu yaliyo karibu na paa yatakufaa kuliko manukato, ambayo kwa maoni yangu ni upotevu wa fedha.

Jibu: Weka pia ubao chini ya vitulio vya kulalia, uukwangue kila asubuhi.

Mwuliza swali: Nashukuru. Chombo kinavuja kweli.