Kama Rutherford alishagundua kiini, Bohr alirekebisha nini?

Kidato6: Wakuu, kwa nini modeli ya Thomson ya 1904 (chaji chanya imetawanyika atomi nzima, elektroni zimo ndani yake) iliachwa, hilo nimelielewa. Ya Rutherford ndiyo sioni kasoro yake: kiini katikati, elektroni zinakizunguka, na jaribio la kurusha chembe kwenye bamba jembamba la dhahabu limethibitisha. Sasa Bohr alikuja na lipi 1913?

Mwalimu_Fizikia: Bamba lilithibitisha kiini tu. Geiger na Marsden, waliofanya jaribio hilo kwenye maabara ya Rutherford, walipoona 1909 kuwa chembe chache mno za alfa (viini vya heliamu, vyenye chaji chanya) zinarudi zilikotoka, ilionekana kwamba chaji chanya iliyotawanyika atomi nzima isingekuwa na nguvu hiyo. Rutherford akakokotoa 1911: kwa dhahabu, chembe ya alfa hufika hadi kama 3.4 × 10⁻¹⁴ m kutoka katikati ndipo igeuzwe, ilhali atomi yenyewe ina upana wa kama 10⁻¹⁰ m. Kuhusu elektroni, jaribio halikusema kitu.

Hapo ndipo penye kasoro. Elektroni inayozunguka ina mchapuko hata kama mwendo wake haubadiliki, kwa sababu mwelekeo unabadilika kila wakati. Chaji yenye mchapuko hutoa mawimbi na kupoteza nishati. Ukipiga hesabu, elektroni ya haidrojeni ingeangukia kwenye kiini kwa muda wa kama 10⁻¹¹ s. Tena njiani ingetoa mwanga wa rangi mfululizo, na haidrojeni haifanyi hivyo, inatoa mistari, yaani rangi chache maalumu tu.

Nuru656: Naongezea hesabu ya hiyo mistari. Bohr aliruhusu viwango maalumu tu vya nishati, ambamo elektroni haipotezi nishati; hutoa mwanga inaposhuka kiwango: E = −13.6/n² eV (n ni namba ya kiwango: 1, 2, 3...; eV ni kipimo cha nishati). Kutoka n = 3 (−1.51) kwenda n = 2 (−3.40), tofauti ni 1.89 eV. Gawanya 1240 (ndiyo hc kwa eV·nm) kwa 1.89, unapata urefu wa wimbi wa nm 656, ule mstari mwekundu. Wengi hukosea kwa kugawanya kwa n badala ya n², halafu wanailaumu modeli.

Kidato6: Kwa hiyo Bohr ndiye aliyepatia?

Mwalimu_Fizikia: Kwa elektroni moja, nishati zinakubali. Hata He⁺ (heliamu iliyobaki na elektroni moja): zidisha kwa Z², Z ikiwa idadi ya protoni, yaani 4, upate −54.4 eV kwenye n = 1. Heliamu kamili ina elektroni mbili zinazosukumana, na hapo fomula inagoma. Isitoshe, kwenye n = 1 Bohr anaipa elektroni momenta ya mzunguko ya h/2π (h ni kiwango kisichobadilika cha Planck), kumbe ni sifuri. Hilo lilirekebishwa na mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, ambao hauna njia ya duara kabisa, una uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Nm 0.053 za Bohr, nusu kipenyo cha njia ya elektroni ya haidrojeni kwenye n = 1, bado zimo humo, ila sasa ni umbali wenye uwezekano mkubwa zaidi, si nusu kipenyo cha njia.