Injini ya trekta la zamani imejam baada ya ovaholi, naomba ushauri
Habari zenu wakuu. Trekta ni la marehemu baba, dizeli, silinda 3. Nimebadilisha slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni, ringi zake na beringi zote. Baada ya kuifunga, injini ilizunguka kwa mkono, ingawa kwa uzito. Ikawaka dakika kama 10, ikapungua nguvu, ikazima yenyewe. Sasa haizunguki. Nimetoa nozeli (za kunyunyizia dizeli), hakuna maji juu ya pistoni. Baada ya kupoa usiku kucha ilisogea kidogo, ikakwama tena. Kinachoniumiza: nafasi za ringi (mwanya kati ya ncha zake) sikuzipima, na geji ya presha ya oili ilikuwa mbovu, nikawasha hivyohivyo.

Je, nianze kushuku beringi za krenki (shafti kuu ya injini) au ringi zilizobana? Na nikishusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) tu naweza kujua, bila kuvua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda)?