Nachosi za nyama ya ng'ombe siku ya Super Bowl: kima, nyama ya kuchambua au steki? Naombeni uzoefu

#1 MgeniTexas

Wakuu, habari za mihangaiko. Zamu ya kukaribisha watu Jumapili ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, imeniangukia mimi. Nakaa Irving, hapa jirani na Dallas, nyumba ya vyumba viwili, na nategemea watu kama 14, nusu ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, nusu Wamarekani ninaofanya nao kazi. Mchezo unaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Shemeji yangu atakaanga sambusa, jamaa mmoja ataleta mabawa ya kuku. Mimi nimejitwika nachosi za nyama kwa sababu nilijigamba kazini kwamba nazijua. Sizijui.

Mwaka jana nilizila kwa mtu. Trei moja kubwa, chipsi za tortila (vipande vikavu vya chapati za mahindi, siyo viazi) chini, nyama na jibini vimerundikwa katikati. Kufika robo ya pili ya mchezo, katikati pamekuwa bokoboko, pembeni kuna chipsi kavu ambazo hazijaonja hata chembe ya nyama, na jibini la juu limeganda kama nta. Watu wakawa wanachokoachokoa kwa adabu tu.

Nimebaki na njia tatu. A ni nyama ya kusaga, inakaangwa na viungo, inamwagwa juu ya chipsi, jibini, oveni. B ni kipande kizima kinachopikwa taratibu mpaka kinachambuka nyuzinyuzi. C ni steki nyembamba ya kuchoma, inakatwakatwa. Halafu jibini: la kukuna au la mchuzi?

Nina oveni moja, jiko la mafiga manne, na sufuria moja ya umeme ile ya kupika taratibu. Nyama nanunua kwa muuzaji wa halali, hilo si tatizo.

#2 Ratili_Moja

A, bila kupepesa macho. Ndugu yangu, wewe ni mtu wa pwani? Kima ya sambusa unaijua? Basi nachosi unazijua, ila hukuambiwa.

Watu 14 ukiwa na sambusa na kuku pembeni, ratili tatu zinatosha. Chukua kikaango kipana, siyo sufuria. Moto mkali. Tandaza nyama iguse chini yote halafu iache, usiikoroge kama uji! Dakika nne hivi, mpaka upande wa chini uwe na rangi ya kahawa. Wengi wanakoroga tangu mwanzo, nyama inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, inakuwa ya kijivu, kisha wanalaumu nyama. Ikishapata rangi, ivunjevunje na umwage mafuta yaliyozidi. Ndipo utie kitunguu, kitunguu saumu, nyanya ya kopo ile nzito vijiko viwili, bizari ya pilau iliyosagwa, paprika, pilipili ya unga, chumvi. Maji nusu kikombe tu ili viungo vishike, kisha yakaushe yote. Ukiinamisha kikaango na kitu kikatiririka, bado.

Nakaa Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa, na kila mwaka ni hivyo. Sijawahi kubakiza.

#3 Mpiga_Soga

Hapa Dar mchezo wenu unaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Nyama ninayo, muda ninao, nachosi sina. Endeleeni, nafuatilia uzi huku namung'unya karanga.

#4 JikoLaNje

Nimepika miaka sita katika mgahawa wa Kimeksiko hapa Minneapolis, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Dada Ratili kasema kweli kuhusu kukaanga, sina cha kuongeza hapo. Ila suala la MgeniTexas siyo ladha, ni saa. Umealika Waswahili. Kati ya 14, watano watakuwepo mchezo ukianza, wanane watafika karibu na mapumziko, na mmoja atapiga simu robo ya nne kuuliza namba ya nyumba. Nachosi zilizokwisha kutiwa vitu zina uhai wa dakika kumi, kumi na tano kwa kubahatisha. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia utengeneze trei moja kubwa anakurudisha kwenye bokoboko lako la mwaka jana.

Unachotafuta ni nyama inayoweza kungoja. Kima ikipoa, mafuta yake yanaganda, na ukiipasha mara ya pili inakuwa changarawe. Nyama ya bega iliyochambuka inakaa ndani ya sufuria ya umeme, kwenye joto la kuweka tu, saa tatu nne bila kununa. Hata kwa usalama ni bora, maana nyama iliyopikwa haitakiwi kukaa mezani imepoa zaidi ya saa mbili.

Kwa B chukua bega paundi nne, itapungua sana, usishangae. Ipake chumvi Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi ikate mapande manne, iunguze pande zote kwenye sufuria nzito, tia kitunguu, saumu, bizari, pilipili kavu za guajillo mbili tatu ulizoloweka na kusaga, na kikombe kimoja cha supu. Funika, oveni nyuzi 150 za Selsiasi, saa tatu na nusu hivi. Utajua imeiva ukichomeka uma na kuuzungusha, nyama ikauzunguka yenyewe.

C achana nayo. Steki ni tamu kwenye sahani, lakini juu ya chipsi unavuta kipande kimoja kwa meno na mzigo wote unakufuata, mpaka kwenye shati.

Jibini la kukuna: kuna mwenyewe. Lile la mfuko lililokwisha kukunwa limepakwa wanga ili lisishikane, ndiyo maana linayeyuka kwa shingo upande. Nusu cheddar, nusu Monterey Jack.

#5 Ratili_Moja

JikoLaNje, umeandika mwenyewe "kikombe kimoja cha supu". Sasa hiyo supu itakwenda wapi kama siyo kwenye chipsi? Unamtoa mtu kwenye bokoboko unampeleka kwenye mchuzi.

#6 JikoLaNje

Haki yako, nilisahau. Ukishachambua, chuja ule mchuzi, uchemshe peke yake mpaka ushike mgongo wa kijiko, kisha rudisha kidogo kidogo kwenye nyama. Iwe na unyevu, isiwe na maji.

#7 Shangazi_wa_Kisauni

Mimi nitie neno kwenye jibini la mchuzi kwa sababu ndilo lililonitia adabu.

Mwanangu yuko Dubai, alipokuja likizo akataka nachosi. Maelekezo yanasema maziwa ya kopo. Nikaenda dukani, nikachukua kopo la maziwa, nikarudi. Nimekoroga, jibini limeyeyuka vizuri, zito, linang'aa, nikajisifu. Kulionja, tamu! Nilikuwa nimechukua lile zito la sukari. Kashata ya jibini. Mume wangu peke yake ndiye aliyekula, na ni kwa kuogopa.

Kwa hiyo soma kopo: yale mepesi yasiyotiwa sukari. Kopo moja la mililita 354, jibini gramu 225 ulilokuna mwenyewe, konifulawa kijiko kimoja kikubwa. Lichanganye jibini na konifulawa likiwa kavu kwanza, kisha tia kwenye maziwa, moto mdogo, koroga dakika tano. Lisichemke kwa fujo, litakatika na kutoa mafuta. Ule wanga ndio unaolizuia lisiwe na punjepunje. Kwa watu wako fanya mara mbili. Liweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, likizidi uzito ongeza maziwa kidogo.

Na krimu chachu ikikosekana, mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa hauna ubaya.

#8 Kitabu_na_Kahawa

Mnagombania nyama, na chakula chenyewe kilizaliwa hakina nyama. Ni Piedras Negras, Meksiko, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Eagle Pass, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Kimarekani walivuka mpaka, wakaingia mgahawani, mpishi hayupo. Ignacio Anaya aliyekuwa akihudumu akakata tortila, akazikaanga, akatia jibini na pilipili ya jalapenyo, akaingiza kwenye moto. Nacho ni Ignacio, kama kwetu Muhamadi anavyokuwa Mudi.

Lakini nilichotaka kusema ni hiki: yeye hakurundika. Kila kipande kilikuwa na jibini lake na pilipili yake. Rundo limekuja baadaye. MgeniTexas akitandaza safu moja, mbili zikizidi sana, tatizo la chipsi kavu pembeni limekwisha kabla hajachagua nyama.

Na jibini la mchuzi ni la kwenu hasa. Mwaka 1976 Frank Liberto alianza kuuza nachosi za namna hiyo Arlington Stadium, uwanja wa besiboli wa Texas Rangers wakati huo. Uwanja umeshabomolewa, ila Arlington si mbali na hapo ulipo. Chipsi, unamwagiwa, unaondoka, foleni inasogea. Lilibuniwa kwa watu wasioweza kungoja oveni, nawe umealika watu wa aina hiyo.

#9 Mama_Wawili_Kinondoni

Samahanini nadandia uzi. Chipsi za tortila hapa Dar zipo supamaketi kubwa lakini bei inauma. Siwezi kukanda sembe nikatengeneza mwenyewe?

#10 JikoLaNje

Dada, sembe peke yake itakupasukia. Unga wa tortila unatokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa, ndicho kinachofanya donge lishikane. Sembe haijapitia hapo. Mwagia sembe vikombe viwili maji yanayochemka kidogo kidogo, ikipoa tia unga wa ngano kikombe kimoja na chumvi, kanda, sukuma iwe nyembamba kabisa, itoboetoboe kwa uma isivimbe, kata pembe tatu, kaanga. Ladha haitakuwa ileile, ila inabeba nyama vizuri.

Au chapati za jana, zikate na uzikaange. Usimwambie Mmeksiko.

#11 Mpiga_Soga

Chapati za jana kwetu hazijawahi kuwepo.

#12 MgeniTexas

MREJESHO. Samahanini nimechelewa, sufuria zilikuwa nyingi.

Nilikwenda na B, pamoja na jibini la mchuzi la Shangazi (kopo nililisoma mara tatu). Badala ya trei moja nilipanga tatu ndogo, safu moja ya chipsi nene, kila moja inaingia oveni kwa zamu. Mpangilio ulikuwa chipsi, jibini la kukuna kidogo, nyama, jibini kidogo tena, nyuzi 200, dakika nane. Kachumbari, parachichi, mtindi na jalapenyo vyote nje, kila mtu anajitilia. Jibini la mchuzi pembeni.

Mchezo ulipoanza walikuwepo watano. JikoLaNje, wewe ni mganga?

Trei ya kwanza niliharakisha. Mchuzi sikuukausha vya kutosha, kona moja ikalegea, ukiinua chipsi inapinda kama karatasi iliyonyeshewa. Nikamkumbuka Ratili. Kwa trei ya pili nikachukua nyama kutoka kwenye sufuria ya umeme, nikaitandaza kwenye kikaango chenye moto mkali bila kuikoroga, dakika mbili tatu, mpaka ncha za zile nyuzi zikaanza kukauka na kuwa na rangi. Aisee! Ndani laini, nje inalia kwa meno. Hiyo nitairudia kila mara.

Kasoro ni hesabu. Paundi nne za bega zilipungua kuliko nilivyodhani, na mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa futi sita na zaidi, alivuta kiti akakaa karibu na sufuria. Robo ya tatu, kundi la mwisho linavua viatu mlangoni, nyama imekwisha. Trei ya tatu imeshatandazwa chipsi, oveni ina moto.

Shemeji akafungua friji kimya kimya, akatoa bakuli la kima iliyobaki kwenye sambusa. Tukaipasha haraka kwenye kikaango, tukaimwaga. Ina iliki kwa mbali na pilipili mbuzi. Wamarekani wakauliza hii ya sasa umenunua wapi. Yule wa kwenye sufuria ameomba maelekezo yake kwa maandishi.

#13 Ratili_Moja

Sisemi kitu.

Muulize shemeji bizari alitia vijiko vingapi.