Acheni kutufundisha kwamba "assassin" maana yake ni mvuta bangi

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na walimu wa Kiingereza wa mitandaoni ambao kila wakifika kwenye neno "assassin" (muuaji wa viongozi) wanatupa hadithi ileile ya asili yake: kwamba Mzee wa Mlima, kiongozi wa Waismailia (dhehebu la Kishia) huko Uajemi, aliwalewesha vijana kwa hashishi, yaani bangi, akawaingiza kwenye bustani yenye mvinyo na warembo, kisha akawatuma kuua kwa ahadi ya kurudishwa kwenye pepo hiyo. Hadithi ni tamu, sikatai. Ila inafundishwa kama historia, na hilo ndilo linaloniudhi.

Aliyeieneza ni Marco Polo, msafiri wa Venisi. Ngome ya Alamut, makao makuu ya Waismailia hao, ilitwaliwa na Wamongolia mwaka 1256, Polo akiwa mtoto wa miaka miwili hivi, kwa hiyo alipopita Uajemi miaka ya 1270 hapakuwa na bustani ya kushuhudia. Juvayni, mwanahistoria aliyefuatana na Wamongolia hao, aliingia Alamut na kuipekua maktaba yake kabla haijachomwa moto, na aliwachukia Waismailia hadi kuwalaani katika maandishi yake. Huyo naye hataji hashishi hata mara moja. Adui mwenye nafasi kama hiyo angeliacha jambo kama hilo lipite? Tena inasimuliwa kwamba Hassan-i Sabbah, kiongozi wao wa kwanza aliyeiteka ngome hiyo mwaka 1090, aliamuru mwanawe wa kumzaa auawe kwa sababu ya kunywa mvinyo.

Kwamba neno lina asili ya Kiarabu, na kwamba hashishi imo ndani yake, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini Waislamu waliopingana na Waismailia wa Shamu (Siria) katika karne ya 12 waliwaita "hashishiyya" kwa kuwatukana, kama vile mtu wa kwetu anavyomwita mwenzake mvuta bangi ilhali hajawahi kumwona na msokoto. Wapiganaji wa Msalaba wakaliokota tusi hilo wakalipeleka Ulaya, na Conrad wa Montferrat, mmoja wa viongozi wao, alipochomwa visu huko Tyre (Lebanoni ya leo) mwaka 1192 likazidi kuvuma.

Kinachokera zaidi ni kwamba matumizi ya neno, ambayo ndiyo mwanafunzi anayahitaji kwenye mtihani, hayaguswi. Kiingereza hakisemi "assassinate" kwa kila mauaji. Anayeuawa huwa kiongozi au mtu mashuhuri, sababu huwa ya kisiasa au ya kiitikadi, na aghalabu mpango umeandaliwa kabla. Ndiyo maana neno hilo hutumika kwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi mwaka 1969, na kwa Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa Zanzibar mwaka 1972, wala halitumiki kwa jambazi aliyemuua mwenye duka.

Waismailia hao, ambao tawi lao huitwa Nizari, tunaishi nao Dar es Salaam na Mombasa tangu enzi za mababu, na huyo Aga Khan III aliyepimwa kwa almasi hapo Dar mwaka 1946 alikuwa imamu wao. Watoto wao nao wanatazama masomo haya. Niliandika maoni ya heshima chini ya somo mojawapo nikieleza hayo. Maoni yakafutwa, somo likabaki. Mwenye kujua namna ya kumshinikiza mwenye ukurasa wa aina hiyo arekebishe kazi yake, aniandikie hapa hapa, kwa maana kunyamaza sitanyamaza.