Sera ya simu kwa wanafunzi: nini kisikosekane?

Mwandaa Rasimu
Wenzangu, rasimu yetu ina sentensi moja: "Simu haziruhusiwi." Naona haitoshi. Tuongeze nini?

Mwalimu wa Nidhamu
Mwalimu, sentensi hiyo itakwama siku ya kwanza. Taja muda (kengele ya kwanza hadi ya mwisho, mapumziko yakiwemo), simu inakaa wapi, na nani ana ufunguo. Andika "kuzima kabisa", maana simu inayotetemeka ndani ya begi huvuta masikio ya darasa zima. Ufaransa ilipokataza kwa sheria mwaka 2018, iliacha nafasi kwa matumizi ya kujifunzia na kwa wanafunzi wenye ulemavu. Nanyi fanyeni hivyo: mwenye kisukari anayesoma kipimo chake kwenye simu asinyang'anywe kamwe.

Mtunza Stoo
Sera nyingi huharibikia kwenye kunyang'anya. Mwanafunzi azime simu mwenyewe, iingie kwenye bahasha yenye jina, tarehe, saa na hali ya kioo, kisha yeye na mwalimu watie sahihi daftarini. Bila hivyo, ufa wa zamani utageuka deni la shule. Na mwalimu asipekue picha wala ujumbe. Akishuku uonevu, awaite mkuu na mzazi.

Mzazi Mwenzenu
Wekeni namba ya ofisi kwa dharura, na ipokelewe kweli! Isipopokelewa, wazazi watawapa watoto simu kwa siri. Halafu walimu nao wabanwe: wakichati darasani, hakuna mtoto atakayewasikiliza.