Rilei janja inazima diski ya akiba, faili zinakatika katikati

Karani, Chake Chake:
Assalamu alaykum. Kompyuta ya ofisi ya skuli yetu inatumia Linux, na nakala za akiba za matokeo ya wanafunzi naziweka kwenye diski ya nje ya inchi 3.5 yenye adapta ya volti 12. Kwa kuwa sipendi diski hiyo ikae imewaka muda wote, maana kirusi kikiingia kwenye kompyuta kitaziharibu na nakala pia, nilifunga rilei ya Wi-Fi, yaani swichi inayoamriwa kupitia mtandao, inayowasha adapta saa 8 usiku na kuizima saa 9. Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Tangu nilipoongeza picha za vyeti, nakuta faili zimekatika katikati, na juzi diski ilikataa kufunguka mpaka nilipoikagua kwa fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa faili. Je, mbovu ni rilei au ni diski?

Mkaazi wa Mkunazini:
Wa alaykumus salaam. Ndugu yangu, vyote viwili ni vizima; kosa liko kwenye ratiba. Rilei inafuata saa tu, haijui kama kunakili kumekwisha, na picha zako bila shaka zinahitaji zaidi ya saa moja. Data mpya hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kuandikwa kwenye diski, kwa hiyo umeme ukikatwa ghafla kilichobaki hupotea, na kichwa cha diski hulazimika kujirudisha mahali pake kwa dharura. Tazama kwa smartctl, programu inayosoma kumbukumbu za afya ya diski, kipengele nambari 192, ambacho katika diski nyingi huhesabu matukio hayo.

Futa ratiba ya rilei, kazi yote uikabidhi kompyuta. Skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, iamuru rilei iwake, isubiri diski ionekane kwa UUID yake, yaani nambari yake ya pekee (usitegemee jina ambalo Linux huipa diski, kama sdb, kwani hubadilika), inakili kwa programu ya rsync, iifunge diski kwa umount, itoe amri ya udisksctl power-off ili diski izimike yenyewe, isubiri sekunde 15, ndipo iamuru rilei izime. Umount ikikataa kwa sababu kuna programu iliyoshikilia faili, skripti isimame hapo hapo. Afadhali diski ikeshe kuliko kukatwa.

Fundi umeme, Wete:
Naongeza moja ambalo watu wengi hulisahau. Umeme wetu wa Pemba, unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, ukikatika na kurudi, rilei nyingine hujiwasha zenyewe. Ingia kwenye mipangilio yake, uchague ibaki imezimwa umeme unaporudi. Ruta nayo iwe kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na kompyuta, rilei na adapta, kwani bila Wi-Fi amri ya kuzima haifiki. Tena hakikisha rilei inakata waya wa moto, si nyutro, na iwe ndani ya boksi la plastiki. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na skrubu za shaba.

Karani, Chake Chake:
Ahsanteni sana. Kipengele cha 192 kilisoma 26, na rilei ina siku 26 tangu niifunge, yaani hata zile siku nilizodhani salama diski ilikuwa ikikatwa ingali wazi. Jana usiku nilikesha ofisini kuijaribu skripti: diski ilinyamaza kwanza, kisha ndipo rilei ikalia "tak". Hesabu imebaki 26. Ruta bado iko nje ya UPS. Waya wake haufiki, kesho nitanunua mrefu zaidi.