Mwili ni wangu, nijichome ninachotaka?

Mleta mada: Wakuu, kuna dogo napiga naye tizi, goti linamsumbua tangu mwaka jana. Anafunga saa 18 kwa siku, anameza kritini (kirutubisho cha kuongeza nguvu za misuli), na kila alfajiri anajitumbukiza kwenye pipa la barafu anayonunua kwa wauza samaki. Akitoka ananuka dagaa. Hayo nilinyamaza. Juzi kanionyesha vichupa vya BPC-157, peptidi ya maabara inayosifiwa eti inaponya majeraha, alivyoagiza mtandaoni, anajichoma mwenyewe pembeni ya goti. Lebo inasema ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nikamwambia acha. Jibu: "Mwili wangu, hela yangu. Mbona Barry Marshall alijijaribia akapewa Nobel?" Ana haki au hana?

Mdau wa 1: Huyo Marshall wanamtaja nusunusu. Ni daktari wa Australia, na Nobel yenyewe ilikuja 2005, akiwa na mwenzake Robin Warren. Mwaka 1984 alikunywa bakteria wa *Helicobacter pylori*, wakati wengi wakisema vidonda vya tumbo ni mawazo na asidi. Ila kabla ya kunywa alipitishiwa kamera tumboni, likaonekana zima. Siku chache baadaye anatapika, kamera ikarudi: tumbo limevimba, bakteria wamejaa. Kitu kimoja, kipimo kabla na baada. Dogo wako kaanza mambo manne kwa mpigo. Goti likipona atamshukuru nani, sindano au dagaa?

Mdau wa 2: Wasomi mna raha. Goti langu nimelipeleka hospitali mara tatu, mara zote nimerudi na panadol. Mtu akijitafutia mnamgeuza mhalifu? Hata mwarobaini kuna aliyeuonja wa kwanza.

Mdau wa 3: Na kikombe cha dawa cha Babu kule Loliondo, 2011? Shilingi 500 tu, na wapo waliokunywa wakaacha ARV. Nao miili ilikuwa yao. Kujaribu sina ugomvi nako. Tatizo ni mtu kujitangazia kapona kabla hajapima. Yule tajiri wa Marekani anayetaka kuzuia uzee, Bryan Johnson, pamoja na mbwembwe zake zote, mwaka 2023 alijitia plazma (majimaji ya damu) ya mwanawe, akapima, akasema hadharani hakuona faida. Dogo atathubutu kusema hela yake imekwenda na maji? Halafu kama anashindana popote, ajue BPC-157 imo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya dawa zilizopigwa marufuku tangu 2022.

Mleta mada: Nimemsomea yote. Hoja ya kitu kimoja kimoja kaikubali kabisa. Kuanzia leo kaacha barafu.